Mwalimu wa Kwaya na Mashine Mbili za Baraza

Mpaka leo nikipita Garsen nikasikia mtu anasema Mwalimu wa Kwaya alikuwa mgomvi, damu hunichemka. Wanaosema hivyo ni wale wale wanaokula mahindi na ndizi za mashamba ambayo yasingekuwa yao kama si huo ugomvi wake. Wengine hata hawakuwahi kumwona. Waliambiwa na wazazi wao, na wazazi wao walikuwa na sababu ya kuwaambia nusu ya habari.

Mimi nilifanya kazi naye. Nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni huku upande wa chini wa mto Tana, naye alifundisha nyimbo na Kiingereza madarasa ya juu. Jina lake sitalitaja. Hata sisi tuliokuwa naye kila siku hatukumwita kwa jina. Ukimwita kwa jina alikuuliza, "Kwani kazi yangu huijui?"

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na ukali wake mara nyingine ulikuja mahali pabaya. Siku moja kwenye arusi ya binti wa mzee wa kanisa aliikatisha kwaya katikati ya ubeti kwa sababu wageni wa nyuma walikuwa wanazungumza. Akawageukia akasema, "Endeleeni tu. Sisi tutangoja mmalize." Akakunja mikono. Bibi arusi amesimama, jasho linamtoka ndani ya shela, na yeye anangoja. Mama yake bibi arusi hakumsalimu mwaka mzima.

Lakini ukimchunguza uliona kwamba hasira zake zote zilitoka kwenye kisima kimoja. Hakuvumilia mtu kusema halafu asisikilizwe. Mtoto akinong'ona darasani na mwalimu mwingine akamkemea, "Sema kwa nguvu!", Mwalimu wa Kwaya aliweza kutoka darasa lake, akapita ua, akaingia darasa lisilo lake na kusema, "Kama humsikii, sogea. Miguu unayo." Alinifanyia hivyo mimi, mbele ya watoto wangu. Nilitaka kumtupia ubao. Jioni nilimfuata nikamwambia kwamba hana adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo la adabu ni kweli, dada. Lakini yule mtoto alikuwa anasema nini?" Sikujua.

Yeye mwenyewe alikuwa haimbi. Mwalimu wa nyimbo, na sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa na jeshi, akawekwa kwenye kikosi cha mawasiliano, cha simu na redio, na huko mzinga ukalipuka karibu naye ukamharibu sikio la kulia. Tangu hapo alisikia kwa la kushoto tu. Ukitembea naye upande wa kulia alizunguka nyuma yako bila kusema kitu, akatokea upande wa pili, nanyi mkaendelea. Wageni walidhani ni uchawi au ni kiburi. Na kwa vile hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, alipokuwa anatuhimiza tuseme taratibu, yeye alikuwa anapiga kelele mpaka nyangenyange wanaruka shambani.

Vitu vingine havikupatana. Alizaliwa na kukulia kandokando ya mto wenye kambare wa kutosha, na hakula samaki. Shati lake lilipigwa pasi kila siku, lakini suruali ilikuwa na matundu ya moto magotini, kwa sababu alichomelea nyaya zake amekaa chini, risasi iliyoyeyuka ikimdondokea. Alichukia kupingwa, na bado ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akisimama mbele ya kanisa zima kusema amekosa.

Hiyo ilikuwa Pasaka. Kanisa letu lilikuwa na mashine ya sauti iliyoachwa na mmishonari mmoja alipohama: amplifaya ya kukuza sauti, yenye taa za kioo na inayokula betri ya gari, maikrofoni moja na spika moja ya tarumbeta. Ilikuwa na umri wake, ila yeye aliitunza vizuri kuliko wengi wanavyotunza mke. Pasaka hiyo alitaka waumini wasikie ibada kutoka redioni. Akachukua waya kutoka tundu la spika la redio, akauchomeka kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya. Ikalia mlio wa kupasua kichwa, kisha moshi, kisha kimya. Watu wakaanza kunong'ona kwamba vijana wa kwaya wamechezea mashine. Akasimama. "Hakuna aliyechezea," alisema. "Nimeiunguza mimi. Tundu la maikrofoni hungoja mnong'ono. Mimi nimelipelekea kelele. Ni sawa na mtu anayetaka kumimina Tana yote ndani ya kata moja."

Kila mtu alijua kata ya kutekea maji, na kila mtu alijua Tana ikifurika. Wakaelewa.

Vipuri vilitoka Mombasa kwa lori la mwenye duka wa Garsen, naye Mwalimu wa Kwaya akakaa wiki kadhaa akiitengeneza mashine. Katika vipuri hivyo aliagiza pia kidude kidogo chenye nyuzi za shaba zilizovingirishwa, transfoma, na vipande vidogo vyenye mistari ya rangi, rezista, vya kupunguza nguvu ya sauti. Nilimwuliza ni vya nini, mashine si imepona? Akasema, "Vya siku nitakayotaka kuunganisha kikubwa na kidogo bila kuua hata kimoja." Nilidhani ni maneno tu ya mtu anayependa vyuma.

Sasa nieleze habari ya baraza.

Serikali ilitaka ardhi ya ukingoni mwa mto, upande wetu, ya kujaribia pamba. Ilikuwa ardhi nzuri kuliko zote, ile inayoachiwa tope na mafuriko. Wapokomo walilima pale tangu babu za babu zao, na kati ya shamba na shamba palikuwa na njia ambazo Waorma walipitisha ng'ombe kwenda kunywa. Watu hawa waligombana mara kwa mara juu ya mahindi yaliyokanyagwa. Safari hii shida yao ilikuwa moja.

Bwana Shauri, afisa wa wilaya, akaitisha baraza Garsen. Lilikuja lori la matangazo lenye injini yake ya umeme, amplifaya kubwa na spika nne juu ya paa. Bwana Shauri alikuwa na maikrofoni yake yenye waya mnene. Akasema mambo ya pamba kwa muda mrefu, na kila neno lilisikika mpaka kivukoni. Kisha akasema kwamba mwenye pingamizi aje aseme.

Aliyetoka ni Mama Rehema, mjane aliyelima shamba kubwa ukingoni na kulea wajukuu sita kwa shamba hilo. Akanyoosha mkono kushika maikrofoni ya Bwana Shauri. Karani akamzuia. "Hii ni mali ya Serikali. Haishikwi na kila mkono." Wazee wa kanisa wakatuma ile maikrofoni yetu iletwe. Fundi wa lori akaichomeka moja kwa moja kwenye mashine yake kwa waya mrefu wa uzi mmoja, ukapita kando ya injini ya umeme. Mwalimu wa Kwaya hakuwapo. Alikuwa Golbanti na kwaya. Nami nilikuwapo, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Mama Rehema alipofungua kinywa kilichotoka kwenye spika kilikuwa mngurumo. Nguuu, mfululizo, na ndani yake sauti ndogo kama ya mtu aliyefungiwa pipani. Fundi akaongeza sauti. Mngurumo ukaongezeka. Akaongeza tena, spika zikapiga yowe, Mama Rehema akaiachia maikrofoni ikaanguka. Watu wakacheka. Watu wake mwenyewe! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama yule mtu mzima akabaki amesimama, ameziba masikio kwa viganja.

Bwana Shauri naye akatabasamu. "Naona hakuna pingamizi lililosikika," akasema kwenye maikrofoni yake safi. "Nitarudi wiki ijayo kufunga shauri hili. Mwenye neno alete sauti inayosikika."

Mwalimu wa Kwaya aliporudi nilimweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti akauliza jambo moja tu, "Walicheka?" Nikasema walicheka. Akaingia ndani. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Mama Rehema, na mimi nikafuatana naye kwa sababu mama huyo alikuwa amekataa kuonana na watu.

"Mama, wiki ijayo utasema tena," alimwambia.

"Siendi. Mwanangu, nimeshakuwa mchezo wa watoto."

"Sauti yako haikuwa na kosa. Njia ndiyo ilikuwa mbovu."

"Wewe wasema hivyo. Mimi ndiye niliyechekwa."

Hapo akachukua mti wa kubebea mtungi uliokuwa ukutani, akanipa mimi ncha moja, akashika nyingine. Akamweleza Mama Rehema kwamba waya wa uzi mmoja ni mtu mmoja anayepita kwenye tope peke yake. Akifika hujui lipi ni tope na lipi ni mzigo. Waya wa nyuzi mbili ni watu wawili wanaobeba mzigo mmoja. Sauti husafiri kwenye uzi mmoja, na kwenye wa pili husafiri kinyume chake. Tope la injini likiwarukia, huwarukia wote wawili sawasawa. Wakifika, mashine ya lori huwalinganisha: kilicho sawa kwa wote ni uchafu, hutupwa, kinachotofautiana ndiyo sauti yako, hupokewa.

Mama Rehema alimtazama, kisha akanitazama mimi na ule mti. "Na lile yowe?"

"Yowe ni mtu kupandisha nguvu bila kujua mlango una upana gani. Hilo niachie mimi. Mimi nimeshaunguza moja."

Mama akacheka kidogo. Akasema atakwenda.

Siku ya baraza la pili Mwalimu wa Kwaya alifika asubuhi kabla ya afisa. Aliweka mashine ya kanisa pale pale ambapo watu wangesimama kusema, ili waya wa maikrofoni uwe mfupi sana. Spika ya kanisa ilikuwa ndogo, isingefika hata robo ya umati ule, kwa hiyo ilibidi sauti ipitie kwenye lori. Kutoka mashine ya kanisa hadi lorini alitandaza waya wa nyuzi mbili wenye ganda, akaupitisha mbali na injini. Fundi wa lori alipomwona akashuka mbio.

"Mzee, hicho kitu usinichomekee. Mashine yako inatoa nguvu ya spika. Tundu langu ni la maikrofoni. Ikiungua nafukuzwa kazi leo leo."

"Umesema vizuri," alijibu Mwalimu wa Kwaya. "Ungekuwa umesema hivyo wiki jana." Akamfungulia kisanduku alichokiweka mwanzoni mwa waya. Rezista zilikuwa mbele, za kuishusha kelele iwe mnong'ono. Transfoma ilikuwa nyuma yake, ya kuugeuza uzi mmoja kuwa nyuzi mbili na kutenganisha mashine na mashine zisigusane kwa umeme. Fundi akapiga magoti akavitazama. Akachomoa mita yake mwenyewe akapima. Akasema, "Ongeza rezista moja. Mashine yangu ni kali." Mwalimu wa Kwaya akataka kubisha, niliona shingo yake ikifura, lakini akaongeza. Wakaanza na sauti ya chini kabisa, mmoja akihesabu kwenye maikrofoni, mwingine akipandisha kidogo kidogo lorini. Hakuna mngurumo. Fundi akainua kidole gumba.

Bwana Shauri alipokuja na kuona waya akauliza ni nini. Mwalimu wa Kwaya akasimama wima kama askari. "Bwana, uliagiza tulete sauti inayosikika. Tumeileta."

Mbele ya watu wote wale afisa hakuweza kuikana kauli yake.

Mama Rehema akasema. Alisema kwa Kipokomo, na mkalimani akafuata kwa Kiswahili. Alitaja shamba lake kwa mipaka, akataja nani alizikwa wapi, akataja mwaka wa njaa ambapo shamba lile lililisha hata wageni. Kisha akamgeukia Bwana Shauri. "Pamba haipikwi. Mwaka mto ukikataa, wajukuu zangu nitawapikia shati?" Maneno hayo yalitoka kwenye spika nne, yakafika kivukoni, na hakuna aliyecheka isipokuwa kwa kumkubali.

Bwana Shauri akainama kwa fundi. Nilikuwa karibu nao, nilisikia. "Punguza."

Mkono wa fundi ulikwenda kwenye kifungo, ukasimama. Alimtazama Mwalimu wa Kwaya, akamtazama mama yule. Akasema, "Bwana, mashine mbili zimeunganishwa. Nikigusa sasa itaungua." Ulikuwa uongo mtupu. Ingepungua kama taa ya chemli. Lakini afisa hakujua, na mashine ilikuwa ya Serikali, akaogopa kuiunguza, akaacha.

Baada ya Mama Rehema akasimama mzee wa Kiorma, akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi na hawa watu ya shamba sisi nagombana siku mingi. Kesho pia tutagombana. Lakini ng'ombe hapana kunywa pamba. Wewe nafunga mto, ng'ombe takwenda kunywa wapi, ofisi yako?" Kelele za kumshangilia zikatoka pande zote mbili, Wapokomo na Waorma, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kabla. Wakasema wengine na wengine mpaka jua likawa kali na Bwana Shauri akafunga baraza bila kufunga shauri.

Ardhi ile haikuchukuliwa. Pamba ilipelekwa kwingine. Mashamba yakabaki, na njia za ng'ombe zikabaki.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa ninaisimulia kwa furaha. Lakini Bwana Shauri alikwenda kwa kamati ya shule. Alisema mwalimu wao ni mchochezi, na miaka ile neno hilo liliweza kumfikisha mtu kizuizini. Akasema shule yenye mchochezi isitegemee msaada wa Serikali. Kamati ikakutana. Wanakamati walikuwa wakulima, na karibu wote mashamba yao yalikuwa kwenye ule ukingo. Mwenyekiti wao shamba lake lilipakana na la Mama Rehema.

Nilikuwamo chumbani kama mwakilishi wa walimu. Nilisubiri mmoja wao amtetee. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba Mwalimu wa Kwaya ni mkali, kwamba aliaibisha arusi, kwamba ametumia mashine ya kanisa bila ruhusa ya maandishi. Ruhusa! Wao wenyewe, wengi wao wazee wa kanisa, ndio walioituma maikrofoni ile ile kwenye baraza la kwanza. Nikasimama nikasema, "Wazee, mwaka huu mtavuna wapi?"

"Bibi Mwalimu, keti," akasema mwenyekiti.

"Nimeuliza mtavuna wapi."

"Keti. Mambo haya ni ya wazee."

Wakamwondoa. Hawakumwita hata aje aambiwe. Alipelekewa habari na mlinzi wa shule. Mama Rehema alikuja na wajukuu wake akakaa mlangoni pa mwenyekiti kutwa nzima, hakula hakunywa, na mwenyekiti akatokea mlango wa nyuma. Mwalimu wa Kwaya akafunga sanduku lake, mashine ya kanisa akaiacha imefutwa vumbi na nyaya zimekunjwa, akaondoka kwa mtumbwi kuelekea chini. Kwaya ilikwenda ukingoni kumwimbia. Wakaimba vibaya, kwa kulia, naye akawasahihisha kutoka majini.

Nilimwona tena mara moja, baada ya miaka kadhaa. Mashine ya kanisa ilikuwa imekufa, kanisa likanunua mpya kubwa, na hakuna aliyeweza kuifanya iseme bila kupiga mayowe. Kamati ikakumbuka kwamba yuko mtu Kipini, mto unapoingia baharini. Hawakwenda. Wakanituma mimi.

Nilimkuta katika kibanda cha matengenezo karibu na soko la samaki, watu wa pale wakimheshimu sana. Alikuwa amerekebisha spika za Maulidi, yeye Mkristo, na waliompisha njia walimwita "Maalim". Mwenyeji mmoja aliniambia, "Mtu huyu twampenda, lakini asije akakusikia wasema na wenzako huku mtu asoma." Nikajua nimefika kwake.

Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Akanipa chai, akaulizia watoto wangu wa darasa la kwanza kwa majina, na sasa walikuwa watu wazima. Akamwulizia Mama Rehema. Nikamwambia amefariki, amezikwa shambani kwake.

Kisha nikamwambia nilichotumwa. Kwamba kamati inamtaka arudi, aishughulikie mashine mpya, na kwaya atapewa tena.

"Wamesema walinikosea?"

"Hawakusema."

"Hata mmoja wao, pembeni?"

Ningeweza kumdanganya, kama fundi wa lori. Sikuweza. "Hata mmoja."

Akaiweka bisibisi mezani polepole. Nilitazamia zile hasira za zamani, ningezifurahia. Badala yake alisema kwa sauti ya chini kabisa, ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia, "Dada, wewe hukunikosea. Hukufanya lolote baya ila kuambiwa uketi. Kwa nini umebebeshwa wewe safari hii? Waambie nitakuja. Nitakuja siku watakapokuja wenyewe kunichukua."

Nilirudi, nikasimama mbele ya kamati ile ile, sikuketi, nikawapa maneno yake jinsi yalivyo. Mwenyekiti akasema, "Si nilisema ni mgomvi?" Wengine wakatikisa vichwa kukubali.

Kipini si mbali. Watu wa kwetu huenda kule kununua ng'onda, samaki wa kukaushwa, na kurudi kesho yake. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kwenye soko lile lile mwaka ule, nikamwona anarudi na kapu limejaa. Hakuna aliyefika kwenye kibanda cha Mwalimu wa Kwaya.